TIMU IKIHAMA, UWANJA ALIPE NANI?



Mwaka huu Chama chetu cha Kiswahili kilifanya mijadala minne, na uliotukausha koo kuliko yote ulikuwa huu: "Pesa za umma zitumike kujenga viwanja ili timu zisihame." Mimi nilipangwa upande wa kupinga, na nilishindwa. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akadai naandika kwa hasira, ingawa hasira kidogo ipo. Baada ya mjadala mwalimu mlezi aliniambia, "Kama bado una la kusema, lipeleke kwenye jarida." Basi nimelileta, pamoja na niliyojifunza baada ya kushindwa, ambayo ni mengi kuliko niliyoyajua nikiwa jukwaani.

Tuanze na maneno, maana sisi ni watu wa Kiswahili. Uwanja ni mahali pa wazi. Waandishi wa magazeti wanapenda kusema uga. Lakini jengo lenye paa, ambamo mpira wa kikapu (sisi uwanjani twasema basketi tu) huchezwa mbele ya watu elfu kumi au zaidi, tuliite nini? Wengine walisema ukumbi. Mmoja akapinga kwamba ukumbi ni wa harusi. Tulipoteza dakika saba hapo, mpaka mtunza saa akagonga meza. Mimi nitasema ukumbi wa michezo, na wa harusi watanisamehe.

Sasa twende Marekani, kwani huko ndiko mchezo huu wa kuhamahama umekomaa. Mji wa Seattle ulikuwa na timu ya kikapu iitwayo SuperSonics, iliyoanza mwaka 1967 na kuchukua ubingwa wa NBA mwaka 1979. Mwaka 2006 mwenye timu, Howard Schultz, aliiuza kwa matajiri wa Oklahoma City wakiongozwa na Clay Bennett, kwa dola milioni 350. Wenye timu wapya wakasema ukumbi uliopo haufai, wanataka mpya wa kama dola milioni 500, na sehemu kubwa itoke kwenye kodi. Bunge la jimbo likakataa. Wapiga kura wa Seattle nao, mwezi wa Novemba 2006, walikuwa wamekwisha kupitisha sheria ya kubana pesa za mji zisimwagwe kwa timu za kulipwa. Kesi ikaenda mahakamani, na mwezi wa Julai 2008 wakapatana: wenye timu wakalipa dola milioni 45 ili wavunje mkataba wa ukumbi, wakafunga virago. Jina, rangi na historia vilibaki Seattle. Wachezaji wakaenda Oklahoma City na kuitwa Thunder, yaani Radi.

Huku Oklahoma wananchi walikuwa wamekubali, mwezi wa Machi 2008, kukatwa kodi kwenye bidhaa wanunuazo ili ukumbi wao urekebishwe. Haikuishia hapo. Tarehe 12 Desemba 2023 walipiga kura tena, asilimia 71 wakasema ndiyo, wajengewe ukumbi mwingine wa dola zisizopungua milioni 900. Wenye timu wangetoa milioni 50. Pigeni hesabu wenyewe. Nilipozitaja namba hizo mjadalani nilidhani nimemaliza kazi. Akainuka msichana wa Kidato cha Pili, upande wa kupendekeza, akasema kwa upole, "Na mwaka 2025 hao Radi wakawa mabingwa wa NBA. Hao wa Seattle walishangilia nini?" Ukumbi mzima ukapiga makofi. Hata marafiki zangu walipiga, jambo ambalo sijalisahau.

Jibu ninalo sasa, ila limechelewa. Ukumbi ule ule uliosemekana haufai ulijengwa upya ndani, paa lake la zamani likiachwa, ukafunguliwa mwaka 2021. Ulikula zaidi ya dola bilioni moja, na pesa hizo zilikuwa hasa za kampuni binafsi. Kumbe matajiri wanaweza kulipa, wakijua hakuna mwingine atakayewalipia.

Kwa nini basi miji inakubali kubanwa? Hapa ndipo penye somo, na naomba mnivumilie. NBA ni nyumba yenye vyumba 30, na mlango umefungwa kwa ndani. Hata mji wenu uwe na vijana hodari vipi, hamwezi kuanzisha timu mtaani, mkapanda daraja mwaka hadi mwaka mpaka mkaingia. Miji inayotaka timu ni mingi kuliko timu zilizopo. Kwa hiyo mwenye timu akitaka jambo, hana haja ya kupiga kelele. Anautazama tu mji mwingine kwa jicho la upendo. Kwetu mpira wa miguu si hivyo. Timu hupanda, timu hushuka. Mji ukikimbiwa na timu, unaweza kulea nyingine kutoka chini.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba Afrika Mashariki timu hazihami. Tanzania kulikuwa na timu ya Ihefu kutoka Mbarali, mkoa wa Mbeya. Mwaka 2024 ikahamia Singida na kubadilishwa jina, ikawa Singida Black Stars. Mimi nikiwa mtoto wa Mbarali ningelia.

Na sisi Mombasa? Timu yetu kubwa ya mpira ni Bandari, na mwenyewe ni Halmashauri ya Bandari, ambayo ni shirika la umma. Hapo pana jambo ambalo pande zote mbili za mjadala hatukuliona: timu yetu tayari inaendeshwa kwa pesa za umma. Na haiwezi kuhama, kwani mwenyewe ndiye Kilindini. Nani ataihamisha bahari?

Lakini watu wa kisiwa hiki wanajua maana ya kutishiwa kuhamwa. Reli mpya ilipokuja mwaka 2017, mizigo ikaanza kupitishwa moja kwa moja hadi bara. Mwaka 2019 ikatoka amri kwamba mizigo yote ya Nairobi na ya nchi jirani ipande treni. Watu wakaandamana hapa mjini, na amri ikasimamishwa. Mwaka 2022 Rais mpya aliamuru shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Wenye malori, makuli, mama wa chakula pale karibu na bandari, wote walijua kwamba kitu kikubwa kikiondoka, vidogo hufuata. Wapendekezi walilitumia vizuri sana. "Timu ni kama mzigo," walisema. "Ikienda, na riziki inakwenda."

Hilo la riziki ndilo ninalolikataa mpaka leo. Wanauchumi waliochunguza viwanja vya Marekani kwa miaka mingi wamekuta kwamba pesa za kodi zinazowekwa humo kwa kawaida hazirudi. Sababu yake mtu wa Mombasa anaielewa upesi. Baba ana shilingi mia tano za starehe Jumapili. Akienda mechini, atanunua tiketi na soda. Asipokwenda, hazichomi. Atawapeleka watoto Lighthouse, wale mhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, viazi vya karai na kachri. Ni mia tano zile zile. Zimebadilisha mfuko tu. Uwanja huleta faida mpya pale tu unapoleta wageni ambao wasingekuja, kama tarehe 24 Machi 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalipofanyika hapa kisiwani, kwenye uwanja wa gofu. Siku kama hiyo huja mara moja katika ujana wa mtu.

Basi nilishindwaje, na hoja ninazo? Nilishindwa kwa swali moja. Mpendekezi mkuu alinigeukia akauliza: "Ndugu mpinzani, babu yako ni mpenzi wa mpira. Mara ya mwisho ameenda uwanjani lini?"

Nilinyamaza. Babu yangu anakaa Kibokoni, Mji wa Kale. Ni mtu wa Feisal, timu ya Mombasa iliyochukua ubingwa wa Kenya mwaka 1965, na ukimkalisha barazani baada ya Isha atakutajia kikosi mpaka kahawa ipoe. Alikuwa akienda uwanja wa Manispaa kwa miguu. "Twasali Alasiri, twatoka," huniambia. "Hatuulizi matatu." Uwanja huo ulivunjwa wakati wa serikali ya kwanza ya kaunti, tukaahidiwa mpya wa kisasa. Miaka ikapita, mechi hakuna. Bandari wakabaki na Mbaraki, uwanja wa shirika lenyewe. Mwaka 2019 waliposhinda Ngao na kuingia Kombe la Shirikisho la Afrika, mechi zao za "nyumbani" walizichezea Kasarani, Nairobi. Nyumbani, kilomita karibu 480! Na miaka ya karibuni wamechezea pia Ukunda, kule Kwale. Feri ya Likoni haimtozi mtu wa miguu, ni kweli, lakini babu ana magoti ya miaka sabini na kitu, na ile teremko ya feri wakati watu wanasukumana si mahali pake.

Kwa hiyo timu yetu isiyoweza kuhama, ilihama. Hakuna tajiri aliyetutisha. Mji ulibomoa uwanja kwanza, halafu ndiyo ukaanza kuhangaika na ujenzi.

Nimelifikiria sana swali lile, na nimetofautisha mambo mawili ambayo siku ya mjadala niliyachanganya. Kumlipia mwenye timu ukumbi wake ili asiondoke, hilo bado napinga. Kujenga mahali ambapo watu wa mji watacheza na kutazama, hilo ni kazi ya umma kabisa, sawa na soko au maktaba. Tena kwetu limeandikwa. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inaipa kaunti jukumu la michezo na vifaa vyake, na serikali kuu jukumu la kukuza michezo. Mtu akikuambia uwanja ni hisani ya mwanasiasa, mwambie akasome jedwali.

Kinachobaki ni ukubwa, na hapo mimi ni mwoga. Nairobi walianza kujenga uwanja wa Talanta mwezi wa Machi 2024, watu 60,000, kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na mwaka 2025 zikauzwa hati za dhamana za karibu shilingi bilioni 45, za miaka 15. Yaani mimi nitakuwa na watoto na deni bado lipo. Rwanda walijenga ukumbi wa Kigali wa watu 10,000 mwaka 2019, na ligi ya kikapu ya Afrika ikaanzia humo mwaka 2021. Ni kitu cha fahari, sikatai. Timu ya kwanza ya Kenya kuingia ligi hiyo, Nairobi City Thunder (hawa nao ni Radi!), ilikwenda kucheza huko huko Kigali mwaka 2025. Wapendekezi walitaka Mombasa nayo ijenge wa namna hiyo. Mimi nauliza tu: siku 300 ambazo hakuna mashindano, nani atalipa umeme? Nani atafagia? Ningependelea viwanja kumi vya saruji vyenye vikapu visivyopinda, kimoja kiwe Mji wa Kale, kuliko jumba moja la kioo lenye kufuli.

Mwisho nitasema lililotokea likizoni. Nilimchukua babu mpaka Makande, ambako timu za kikapu za Bandari huchezea ndani. Ni hapa hapa kisiwani; tulipanda tuk-tuk, hakuna feri. Wanawake wa Bandari walikuwa wanacheza. Babu hajapata kutazama kikapu maishani mwake. Alikaa kimya robo nzima, mikono juu ya bakora, kisha akaniinamia.

"Mjukuu wangu, golikipa wao yuko wapi?"

Nikamweleza kwamba hawana. Akatikisa kichwa, akatazama tena. Robo ya tatu alikuwa amesimama, anampigia kelele mwamuzi. Ameniuliza mara mbili wiki hii mechi ijayo ni lini.