Usishindane Nao Kwenye Mizani

Msimu wangu wa kwanza hapa Singe, Babati, ulidumu siku kumi na tatu. Nilikuwa na mashine moja ya kukamua alizeti, akiba ya miaka minne, na sikuwa na mkopo wa mtu. Nikaweka mizani nje, nikaanza kununua mbegu. Mawakala wa kampuni moja kubwa nao wakafika na malori. Wakapandisha bei, nikapandisha. Wakapandisha tena. Fedha zikaniishia, na mavuno ndiyo kwanza yanaanza.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa Bonga, aliyeleta magunia mawili kwenye guta.

“Mwanangu, nikamulie haya. Hela sina, mashudu baki nayo.”

Usiku nikapiga hesabu. Kila gunia la kilo 65 lilimpa lita 17 hivi za mafuta, na mimi likaniachia zaidi ya kilo 40 za mashudu. Wafugaji wa kuku na nguruwe mjini Babati wakayamaliza siku mbili. Na safari hii sikuwa nimenunua mbegu hata kilo moja.

Kwa mwenye mtaji mdogo kama wangu, haya ndiyo ninayoyafuata tangu hapo:

1. Mali ibaki ya mteja. Mwenye fedha nyingi hukushinda pale tu unapolazimika kununua. Mkulima anayekuja kukamuliwa mbegu zake hakudai bei ya kilo. Anadai foleni fupi, na asimame pale aone mafuta yake yakitoka.

2. Chunguza unachokionea aibu. Viwanda vikubwa huosha mashudu kwa kemikali hadi mafuta karibu yote yatoke. Mashine yangu huacha kiasi. Niliona ni hasara, mpaka wafugaji waliponiambia ndiyo sababu wanayapenda mashudu yangu.

3. Karatasi mapema. Kabla sijafikiria kuweka chupa dukani nilianzia SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa 1973, kisha nikaenda TBS, shirika la viwango, kuomba alama ya ubora. Mafuta yakae kwenye pipa yatulie siku kadhaa, yachujwe, yafungwe mbali na jua. Ukiuza yenye machicha, mteja hatarudi kukueleza kosa lako.

4. Jiandae kwa ukame wa kazi. Alizeti huvunwa kati ya Mei na Julai. Kufikia Desemba mashine inapata vumbi. Kinu cha kusaga mahindi pembeni ndicho hulipa umeme miezi hiyo.

Nisikudanganye: bei ya mafuta siipangi mimi. Mawese ya Malaysia na Indonesia yakishuka, dumu langu nalo hushuka. Nami sikui haraka. Bado nina mashine ileile moja.

Mwaka jana mama wa Bonga alivuna magunia manane. Akaja tena na mawili.

“Shikamoo mama. Mengine sita?”

“Marahaba. Nimewauzia wenye malori, wana bei nzuri. Haya ni ya kula.”

Sikuwa na cha kulalamika. Kila nyumba hapa ina gunia la kuuza na gunia la kula. Lile la kwanza nililipigania siku kumi na tatu nikafilisika. La pili hakuna lori linalolifuata.