Bosi wa Mbaraki Anaanza na Namba Yako

Kwenye ofisi za mawakala wa mizigo zilizojibanza kati ya maghala ya Mbaraki, Mombasa, barua ya kazi husomwa kinyumenyume. Bosi huruka hadi mwisho, akaitia namba yako kwenye simu yake, akatazama kinachojitokeza. Wasifu wa kurasa tatu ataufikia akishamaliza chai. Kwa hiyo:

1. Jua unaitwa nani. Truecaller huweza kukuonyesha kwa jina ulilobandikwa na wengine. Fundi uliyemzungusha mwaka juzi huenda alikuandika "Deni Usipokee". Ingia mwenyewe, weka jina lako kamili. Ni kazi ya dakika tano.

2. Picha ya WhatsApp. Ukiwa ufukweni Mama Ngina na dafu mkononi, hapana neno, Mombasa ndiyo hii. Tatizo ni statasi. Ukiandika "bosi wangu mchawi", mwenzako wa ofisini ataiona, na huyo huyo ndiye atakayepigiwa simu kesho kuulizwa habari zako. Kisiwa hiki ni kidogo.

3. Jitafute Google ukiwa umetoka kwenye akaunti zako. Hasira zako za uchaguzi wa 2017 bado ziko Facebook, zimekaa kimya zikingoja mgeni. Huna haja ya kufuta moja moja: mipangilio ya faragha ina sehemu ya kuzifunga zote za zamani kwa pamoja, wakabaki kuziona marafiki tu.

4. LinkedIn: tupa "mchapakazi mwenye kujituma". Kila mtu hujituma akitafuta kazi. Andika ulichoshika: "Nimeandaa hati za forodha za magari ya mtumba na makontena ya mchele, naujua mfumo wa iCMS wa KRA." Karani mkuu akisoma hivyo anajua hatakufundisha kuanzia alifu.

5. Selfi ya getini bandarini iangalie mara mbili. Nyuma ya bega lako kuna hati ya shehena (BL) ya mteja, ina jina lake, namba ya kontena na alichoagiza. Wewe unaona tabasamu lako. Bosi mpya anaona mtu atakayemwaga siri za wateja wake, na tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data.

6. Wanaotafuta meli, ninyi ndio mnaowindwa zaidi. Ukiandika tu "baharia, niko tayari", wakala usiyemjua atakuwa kwenye inboksi kabla ya magharibi. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao Kenya iliuridhia 2014, unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Pasipoti, kitabu cha ubaharia na cheti cha daktari huenda ukajilipia. Anayetaka elfu kumi za "kufungua faili", piga picha ujumbe wake, kisha uliza Mamlaka ya Bahari ya Kenya kama ana leseni.