Kila Chombo kwa Wimbile: Tarakilishi ya Mezani, Simujanja na Mwanafunzi wa Kiswahili

Utangulizi
Makala haya yanajadili swali ambalo aghalabu huulizwa kwa mzaha: kwa nini mwanafunzi mwenye simujanja mfukoni apange foleni katika maabara ya tarakilishi, au alipe pesa kwenye saiba? Tunadai kwamba, kwa msomaji wa Kiswahili, chombo anachosomea huathiri kile anachokiona katika matini.

Hali ilivyo Nakuru
Kebo za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, na intaneti iliyokuwa ikitegemea setilaiti ikaanza kupata kasi. Baadaye simujanja zilienea hadi Njoro, Molo na Gilgil. Hata hivyo, saiba hazijatoweka Nakuru, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021. Wenye simu wangali wanaziendea kujaza fomu za ushuru na za mikopo ya elimu, kwa kuwa fomu ndefu huhitaji kioo kipana, kibodi na printa. Mahitaji ya mwanafunzi wa fasihi na isimu hayako mbali na hayo.

Ushahidi wa ubeti
Tuchukue tarbia ya kawaida. Ubeti wake una mishororo 4, na kila mshororo una mizani 16, yaani 8 katika ukwapi na 8 katika utao. Kwenye kioo cha tarakilishi mshororo hukaa mzima, na jicho hushuka moja kwa moja kutoka kina cha kati hadi kingine. Kwenye kioo chembamba cha simu, mshororo huweza kukatwa pale nafasi inapokwisha, wala si pale mshairi alipotua. Mishororo 4 ikaonekana kuwa 8. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akihesabu anachokiona, ataipa tarbia jina lisilo lake, na kosa hilo litaingia katika uchambuzi wake wote wa bahari za ushairi. Akiilaza simu, mshororo huenda ukatosha, lakini ubeti mzima utamponyoka.

Ushahidi wa data
Hali kadhalika, Chuo Kikuu cha Helsinki kimekusanya kopasi ya Kiswahili yenye maneno yapatayo milioni 25. Mtafiti akitafuta neno, hupewa mistari ambamo neno hilo limewekwa katikati, na muktadha wake kushoto na kulia. Anayechunguza matumizi ya "amba-" hulinganisha mistari mingi kwa mtupo mmoja wa jicho, huku akiandika maoni yake katika dirisha la pili. Kazi hiyo kwenye simu ni sawa na kusoma gazeti kupitia tundu la ufunguo.

Hoja kinzani
Si haki kuibeza simu. Umeme hupotea, nayo hubaki na chaji. Humfikia mwanafunzi aliye likizoni Kuresoi au Marigat, mbali na maabara yoyote. Fauka ya hayo, katika fasihi simulizi simu haina mshindani: hurekodi sauti ya mtambaji palepale alipoketi na hupiga picha ya mazingira ya utendaji. Lakini rekodi hiyo ikishapatikana, unukuzi wake humrejesha mtafiti mezani, kwenye kibodi.

Hitimisho
Tunapendekeza, basi, mgawanyo wa kazi: simu itumike kukusanya data na kuwasiliana, tarakilishi itumike kusoma matini, kulinganisha na kuandika. Wahadhiri nao wawaelekeze wanafunzi wahakiki umbo la shairi kwenye kioo kipana au kitabuni kabla ya kuliainisha. Iwapo idara zetu zitaacha maabara zife kwa hoja kwamba kila mwanafunzi ana simu, watakaoumia kwanza ni wale wasio na uwezo wa kununua kipakatalishi. Hao watabaki kuhesabu mishororo ambayo mshairi hakuitunga.