Dondoo muhimu: Vijana na bustani ya mgagani
Mnapoanzisha bustani na vijana, anzeni na mboga ya mgagani, upandaji wa miti ya asili ufuate baadaye. Mgagani huchumwa baada ya wiki 4 hadi 6, na vijana hawana subira. Mbegu zilizovunwa juzi huota kwa shida. Tumieni zilizokaa miezi 3 au zaidi. Kwa kuwa ni ndogo mno, zichanganyeni na mchanga mkavu, mzimwage kwenye vijifereji na kuzifukia kidogo tu. Kila kijana apewe tuta lake (tuta la wote halimwagiliwi na yeyote). Wafundisheni kukata maua mapema ili majani yaendelee kuchipua, ila mimea michache iliyostawi iachwe izae mbegu. Maganda yakigeuka manjano, wayavune kabla hayajapasuka.