Ukungu stoo ulivyonilia pochi 11

Masika yameanza, naomba tuongelee ukungu kabla haujawakuta kama ulivyonikuta mimi.

Mteja wangu wa Handeni alipokea pochi niliyomtumia kwa basi kutoka Korogwe. Jioni akanitumia picha, mkanda umejaa madoa ya kijani. "Dada, hii pochi ulikuwa umeizika?" Nikamrudishia hela yake, nikaenda stoo kufungua mzigo wote. Kati ya pochi 30 zilizobaki, 11 zimeota ukungu. Nilizichukua Kariakoo kwa 11,000 kila moja. Piga hesabu: 121,000 ya mtaji.

Kosa lilikuwa langu. Nilizipanga sakafuni, zimeegemea ukuta, kila moja ndani ya nailoni eti nazikinga na vumbi. Ukuta wenyewe unapanda maji kutoka chini mvua ikikolea, na Korogwe tupo bondeni, mto Pangani huu hapa. Mbegu za ukungu zinaelea hewani kila nyumba, hata kwako, huwezi kuzimaliza. Zinachosubiri ni unyevu tu. Ngozi, gundi, karatasi, kitambaa, hata vumbi, vyote ni chakula chake. Kitu kikilowa, siku mbili zinatosha kuanza kuota. Ile nailoni yangu ilifungia unyevu ndani.

Kwanza nilipaka rangi juu ya madoa ya ukutani (usicheke). Wiki tatu, yakarudi. Rangi haizuii maji. Nilipomwita fundi akaelekeza maji ya bati mbali na msingi, ndipo ukuta ukaanza kukauka.

Siku hizi mzigo unakaa juu ya chaga, mbali kidogo na ukuta, kwenye mifuko ya kitambaa. Jua likitoka nafungua madirisha, mvua ikinyesha nafunga. Ukiweza nunua kipima unyevu, ukiona kimezidi 60 ujue hali sio nzuri. Madoa ya ukutani nafuta kwa jiki iliyochanganywa na maji, barakoa usoni, madirisha wazi. Usichanganye jiki na siki, inatoa hewa ya sumu! Mwenye pumu asifanye kazi hii kabisa.

Mnaouza unga wa lishe, mahindi na karanga, kwenu hakuna cha kufuta. Kuna kuvu inayoacha sumukuvu, huwezi kuiona kwa macho na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mahindi yaliyoota ukungu usiyachekeche ukasaga, tupa. Hata kuku usiwape.

Zile pochi 11? Saba zilitakata, nikazianika, nikaziuza 8,000 na kila mteja nikamwambia kilichotokea kabla hajalipa. Nne nilichoma.