KUFUNGA KEREZO NDOGO NYUMBANI

Mwaka huu nimeombwa niandike somo la kazi ya mikono, nami nimechagua kazi ninayoijua kwa kuishika, yaani kukereza chuma kwa mashine ndogo ya nyumbani. Nitaeleza zaidi habari ya kuifunga, kwa sababu hapo ndipo sisi tulipoumia.

Kwanza jina. Mafundi wengi huku kwetu husema "leti", lakini Kiswahili kina neno lake la siku nyingi: kerezo. Kukereza ni kukizungusha kitu huku kisu kikikila kidogo kidogo mpaka kiwe mviringo. Mafundi wa pwani walikuwa wakikereza miguu ya vitanda kwa nguvu za mikono kabla stima haijafika. Kwa hivyo mtu akikwambia ati kazi hii haina Kiswahili, mwambie akatazame vitanda vya zamani vya Lamu.

Mimi naishi kwa mjomba wangu, Limuru. Nyuma ya nyumba kuna banda la mabati, na humo ndimo ilimo kerezo yetu. Ni Myford ML7, aina iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1946. Inaweza kuzungusha kitu chenye upana wa hadi inchi 7, na kati ya ncha zake mbili kuna nafasi ya inchi 20. Mwili wake ni kitako kirefu cha chuma cha kuyeyushwa. Upande wa kushoto kuna kichwa chenye mhimili unaozungushwa na mota kwa mkanda, na mbele ya mhimili kuna chaki (si ile ya mwalimu!), yaani kishikio chenye taya tatu kinachouma chuma unachotaka kukereza. Upande wa kulia kuna kichwa cha nyuma cha kushikilia ncha ya chuma kirefu. Katikati kuna gari linaloteleza juu ya kitako likibeba kisu.

Mjomba alipoinunua, tuliifunga juu ya meza ya mbao za saipresi zilizokuwa zimepasuliwa wiki ileile. Meza ilikuwa nzito, ukiisukuma haitikisiki. Mwashi jirani alituazima pima maji yake, ikasema sawa. Tukakaza bolti, tukafurahi.

Baada ya mvua za Aprili na jua lililofuata, mfugaji mmoja alileta shafti iliyovunjika ya mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Alitaka mpya, na mahali pa kuvalia puli pawe na kipenyo cha milimita 25 na urefu wa milimita 100. Tulielewana shilingi 1,800. Pesa hizo zilikuwa zimeshapangiwa kazi, nayo ni chakula changu cha mchana hapa shuleni muhula ule. Mjomba alikereza, mimi nikapima kwa venia karibu na chaki, nikasoma 25.00. Mfugaji alipoleta puli ikakataa hata kuanza kuingia. Tulipopima ncha ya nje tukapata 25.14. Mjomba akasema nimesoma vibaya. Akashika tupa akaisugua ile ncha kwa haraka, na kwa sababu ya haraka akapitisha kiasi. Sasa puli ikawa inacheza. Mfugaji alichukua puli yake akaenda kwa fundi mwingine, nasi tukabaki na chuma tulichokinunua wenyewe.

Mjomba hakunipiga wala hakunitukana, lakini toka siku ile akawa anapima mwenyewe. Hilo liliniuma kuliko viazi baridi nilivyokula kwenye mkebe muhula mzima.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja jirani aliyewahi kuwa mkereza katika karakana ya reli Nairobi. Alikuja kuazima spana. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia huku tayari macho yake yako chini ya meza. Alipitisha kipande cha karatasi chini ya miguu ya mashine. Kisha akalegeza bolti moja ya upande wa kulia, mguu ukainuka kidogo wenyewe. "Mwanangu," akaniambia, "venia yenu haina ugonjwa. Ni mashine iliyopindwa kiuno."

Sababu ni hii. Mbao mbichi zikikauka hujikunja. Bolti zikiwa zimekazwa, meza inajikunja na mashine inakwenda nayo, hata kama ni chuma kinene. Kitako kikijisokota hata chini ya nusu milimita, gari likienda kulia linakiondoa kisu taratibu mbali na kazi, na chuma kinabaki kinene zaidi kwenye ncha. Jicho halioni. Pima maji ya mwashi nayo haioni, maana ilitengenezwa kwa ajili ya ukuta.

Mzee alitufundisha kipimo kinachoona. Chukua chuma cha mviringo cha kama milimita 25 au zaidi, kishike kwenye chaki kikitokeza milimita 100 au 120, bila kukishikilia na kichwa cha nyuma. Punguza katikati yake ili zibaki pete mbili, moja karibu na chaki na nyingine kwenye ncha. Noa kisu vizuri, kisha kata pete zote mbili kwa mpito mmoja, kidogo sana, bila kugusa mkono wa kusogeza kisu ndani au nje. Ukikata kwa nguvu, chuma chenyewe kitapinda na utailaumu mashine bure. Sasa pima pete zako. Zikilingana, mashine imekaa sawa. Ya nje ikiwa nene zaidi, weka kibati chembamba chini ya mguu wa kulia ulio upande wako unaposimama kufanya kazi. Ikiwa nyembamba zaidi, weka chini ya mguu wa kulia wa nyuma. Kaza, kata tena, pima tena.

Vibati tulikata kwenye makopo ya soda, maana kimoja kina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Lakini kwanza mzee alituamuru tuitupe ile meza. Mjomba alichomelea fremu ya vyuma vyenye umbo la herufi L, tukaifunga kwenye sakafu ya simiti. Tulishinda Jumamosi nzima tukikata pete na kubadilisha vibati. Jioni pete mbili zilisoma 24.62 na 24.62. Mjomba aliichukua venia mkononi mwangu, akapima, akanyamaza, akanirudishia. "Endelea kupima wewe," akasema.

Baada ya kufunga ndipo mambo mengine yafuate. Ncha ya kisu lazima ilingane na katikati ya chuma. Ukiwa huna kifaa, bana rula nyembamba ya chuma kati ya ncha ya kisu na kazi, mashine ikiwa imezimwa. Rula ikisimama wima, ni sawa. Juu yake ikiinamia kwako, kisu kiko chini. Ikiinamia upande wa pili, kisu kiko juu mno. Na alama za mashine yetu ni za inchi, kila moja ni sehemu moja ya elfu, yaani milimita 0.0254. Kumbuka kwamba kisu kinakula pande zote za mviringo. Ukikisogeza alama 10, kipenyo kinapungua alama 20, karibu nusu milimita. Hapa wanafunzi wa hesabu wa darasa letu wangeharibu vyuma vingi sana.

Mwendo nao una hesabu. Chuma laini cha kawaida kikikatwa kwa kisu cha hai-spidi huvumilia kama mita 30 kwa dakika. Chuma cha milimita 25 kina mzingo wa 25 mara 3.142, ambao ni milimita 78.55. Gawanya 30,000 kwa 78.55, utapata mizunguko kama 382 kwa dakika. Chuma cha milimita 50 kinataka nusu yake, 191. Hamisha mkanda kwenye puli yenye mwendo ulio karibu, na ukiwa na shaka chagua wa chini.

Sasa hatari. Ufunguo wa chaki usiachwe ndani ya chaki hata kwa nukta moja, kwa sababu mashine ikiwaka utaruka kama jiwe la teo. Kwetu una msumari wake ukutani, na mkono hauendi kwenye swichi kabla jicho halijauona ufunguo msumarini. Glavu hazivaliwi mashine ikizunguka, mana zinavuta mkono mzima. Mimi hufunga nywele kwa kitambaa na kuvua tai ya shule mlangoni. Siku moja niliisahau, mzee akanirudisha nje kama mtoto wa chekechea. Vinyweleo vya chuma vinavyotoka kwenye kisu huondolewa kwa brashi au ndoano, si kwa vidole, na miwani ya kazi haina mjadala.

Jambo ambalo watu wengi hawalifikirii ni kupotea kwa stima. Inapotea ukiwa unakata, unakwenda kunywa chai, inarudi, na mashine inaanza yenyewe hakuna mtu, au mbaya zaidi, ukiwa umeinama kwenye chaki na tochi. Swichi ya kawaida ya ukutani haifai. Nunua ile inayojizima stima ikipotea na inayokaa imezimwa mpaka uibonyeze mwenyewe. Na waya wa ardhi uunganishwe na mwili wa mashine na fundi wa stima.

Mafuta tunatia kila asubuhi, na jioni tunaifuta na kuifunika kwa gunia kavu, kwa sababu ukungu wa Limuru unaleta kutu usiku mmoja. Ile pete ya 24.62 ninayo kwenye mkoba. Mwenye kutaka kuipima anione darasani kidato cha tatu, lakini venia aje na yake.