Somo la Utunzaji wa Malori: Kikinza cha Feni ya Hita

Lori la zamani la chama lipitapo nyanda za juu alfajiri, feni ya hita ndiyo iondoayo ukungu katika kioo cha mbele. Feni hiyo ikigoma katika mwendo mdogo na kuzunguka katika mwendo wa juu tu, aghalabu kosa si la mota bali la kikinza, yaani waya uliosokotwa unaopunguza umeme uendao kwenye feni.

Kazi ifanywe hivi:

1. Waya hasi wa betri ufunguliwe kwanza.

2. Kikinza hukaa ndani ya njia ya hewa, karibu na feni, kipozwe na upepo wake. Kiachwe kipoe, plagi ichomolewe, skrubu zifunguliwe.

3. Plagi iliyoungua nayo ibadilishwe.

4. Feni izungushwe kwa mkono. Ikiwa nzito, huvuta umeme mwingi, na kikinza kipya kitaungua vilevile.

Fundi asiruhusiwe kuunganisha waya mtupu mahali pa kikinza, wala kuweka fyuzi kubwa kuliko iliyoagizwa. Nyaya zikizidiwa huwaka moto, na mazao ya wanachama yamo garini. Katibu aandike matengenezo hayo katika daftari la gari.